Tumasch Kateremka na Mto

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka langu la jibini, pale ambapo njia ya baiskeli inaacha nyumba za kijiji na kuanza kuteremka na mto En. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa barabara kuu ya bonde zima. Serikali ilipochonga barabara mpya ng'ambo ya mto, magari yote yalihamia huko, na ile ya zamani ikaachiwa ng'ombe na baiskeli. Tangu hapo, kila kiangazi wanapita watu wenye mifuko pembeni mwa magurudumu, wamefunga hema na sufuria, wanateremka taratibu mpaka nchi ya jirani, wengine mbali zaidi. Sisi tunawatazama. Watazamaji wa kudumu ni wanne. Jachen tunamwita Honi, maana aliendesha basi la posta miaka thelathini na moja, na mpaka leo akiongea utadhani anaingia kwenye kona kali. Duri ni Forodha, kwa kazi aliyoifanya mpakani. Barla ni Soksi, anafuma soksi za sufu na kuwauzia wapita njia. Wa nne ni Tumasch, mfugaji, ambaye hana jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha kupewa. Mimi Mengia namimina kahawa. Jumanne ile ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, vikombe vyote vilikuwa vimejaa na nafasi ya Tumasch ilikuwa wazi.

— Kalala huyo, — alisema Honi.

— Tumasch alale? — Soksi aliruka. — Mtu aliyekamua ng'ombe alfajiri miaka hamsini! We Honi, kahawa haijakuingia bado. Mimi nimepita kwake nikienda kulisha kuku. Madirisha kafunga. Mlango wa zizi uko wazi, na ile baiskeli yake nyekundu haipo.

— Haipo?

— Haipo, na turubai la kufunikia nyasi halipo.

Forodha aliweka kikombe chini polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kufungua sanduku la mtu.

— Jamani, mambo si ndiyo hayo. Baiskeli, turubai, alfajiri. Huyo anavusha siagi.

— Siagi gani tena?

— Siagi ya magendo! Miaka ishirini na sita nimesimama pale getini, utanifundisha nini? Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

— Hiyo methali imeingiaje hapa? — nilimuuliza.

— Siagi ikikaa juani inayeyuka. Lazima uifunike turubai ipate kivuli. Nyie watu methali hamzijui kabisa.

— Siagi ya ng'ombe gani, mzee baba? — Soksi alimkata. — Si kawauza wote tangu vuli?

Hakuna aliyependa kuikumbuka siku ile. Lori lilibeba ng'ombe kumi na mmoja, na Tumasch akabaki amesimama mlangoni pa zizi, kamba mkononi, mpaka jua likazama nyuma ya mlima.

— Basi ni jino, — Honi alirudi. — Wiki nzima alikuwa anatafunia upande mmoja. Kaenda kung'oa.

— Na turubai la nini? La kufunikia jino?

Tulicheka. Hata Forodha, ambaye alikuwa bado anaitetea siagi yake moyoni.

— Nyie wanaume macho yenu ni ya mapambo, — alisema Soksi, sindano zake zikiendelea kugongana. — Mnamkumbuka yule Mholanzi wa hema la njano? Aliyeomba maji, Tumasch akampa maziwa?

— Mwaka juzi.

— Huyo huyo. Dada ana miguu kama nguzo za daraja, kapanda kutoka kwao mpaka hapa. Tumasch alimtamkia maneno saba. Saba, niliyahesabu! Mimi jirani yake, mwaka mzima sijapata saba.

— Alimwambia nini?

— "Huko chini mto unakuwa mpana kiasi gani?"

— Hayo ndiyo mapenzi? — Forodha aliuliza.

— Kwa Tumasch, hiyo ni barua kurasa nne.

Soksi alinitupia jicho. Nikajifanya nakata keki ya kokwa za jozi.

— Hapana, hapana, — Honi alipaza sauti. — Kama ni habari ya mto, basi nawapa ukweli wote. Jamaa kaenda Bahari Nyeusi.

— Toka hapa!

— Nisikilize kwanza. Mto wetu unaingia Danubi. Danubi inaingia Bahari Nyeusi. Njia ya baiskeli inafuata maji hatua kwa hatua. Unakanyaga, unakunywa, unalala, unakanyaga. Wiki tano uko ufukweni. Na kule kuna meli zinapakia ng'ombe mia tano mia tano. Nani atawakamua njiani? Wanahitaji mtu mtulivu. Tumasch! Watampa kofia, watampa chumba chenye dirisha la mviringo, mwisho watampa meli yenyewe.

— Ameondoka leo asubuhi, we ushampa unahodha!

— Penye nia pana njia.

— Hiyo ya kwako leo imekaa sawa, — alisema Forodha. — Tena haina magari.

Kicheko kile kilianza vizuri kikafia njiani. Sote tulijikuta tumegeukia njia. Theluji ilikuwa bado imeng'ang'ania vileleni, chini misonobari imetoa majani mapya, laini kama manyoya ya kifaranga. Familia moja ilipita, baba, mama na mtoto kwenye kigari cha kuvutwa, wakatupungia mkono. Walipokunja kona ya kanisa, sauti ya magurudumu yao ilibaki kidogo juu ya changarawe, halafu nayo ikaenda.

— Mnajua, — alisema Honi, safari hii bila honi, — miaka yote ile nimepanda na kushuka bonde hili, mto sijawahi kuusikia. Injini tu. Wanasema baada ya kijiji cha tatu njia inaingia msituni, husikii kitu ila maji.

— Wanasema akina nani?

— Wapitaji.

— Mimi soksi zangu zimefika Vienna, — alisema Soksi. — Miguu yangu haijafika hata kwenye lile daraja la mbao.

Forodha alikanda goti lake.

— Pale getini nilikuwa nauliza kila mtu, unakwenda wapi? Miaka ishirini na sita. Nilikuwa napenda kusikia majibu.

Nilikuwa naongeza kahawa ndipo akatokea mwanamke anapandisha kutoka bondeni, peke yake, uso mwekundu kwa kilima, mifuko minne kwenye baiskeli. Aliomba maji. Alikunywa chupa nzima amesimama, akajifuta kidevu, akatutazama mmoja mmoja.

— Samahani wazee wangu. Mnamfahamu baba mmoja mwenye baiskeli nyekundu?

Forodha alisimama ghafla mpaka kahawa ikamwagika.

— Kaanguka?

— Hapana, mzima kabisa. Yuko kwenye daraja la mbao, kilomita kumi na nne kutoka hapa. Kafunga turubai na sufuria nyuma. Nilidhani kapata pancha, nikasimama nimsaidie. Akasema yuko pale tangu saa kumi na mbili asubuhi, anasubiri wenzake wa safari, wanatoka kijiji hiki. Atawasubiri mpaka saa sita. — Alituangalia tena. — Wenzake ndio ninyi?

Swali la ndiyo au hapana, na Forodha akaanza kupangusa kahawa aliyoimwaga, Soksi akahesabu vitanzi vya soksi yake.

Maana ndiyo, tulikuwa sisi. Honi alimwambia Tumasch, nikistaafu tutakwenda. Kastaafu miaka tisa. Forodha alisema, goti likipona. Soksi alisema, mama mkwe akishapumzika, na tulimzika bibi yule miaka minne iliyopita. Mimi ndiye wa kwanza kuombwa. Mwaka ule magari yalipohamia ng'ambo, Tumasch alikuja hapa mlangoni na baiskeli mbili, moja yake, moja kaazima kwa dada yake. "Mengia, tufuate mto mpaka uishe." Nilikuwa na miaka ishirini na saba, baba alikuwa ndiyo kwanza ameniachia duka. Nikamwambia mwakani. Akasema sawa, akazirudisha zote mbili, moja mkono huu, moja mkono huu. Baadaye niliolewa na mwingine, nikawa mjane, na kila mwezi wa sita baiskeli za kwanza zikipita Tumasch alinitazama mara moja tu, halafu akarudi kwenye kahawa yake. Miaka thelathini na minane.

Na jana jioni, akiinuka kwenda nyumbani, alisema, "Kesho basi, kama tulivyosema." Sote wanne tukamjibu, "Haya, kesho." Tunavyojibu kila siku.

— Saa ngapi sasa? — niliuliza.

— Saa tano na dakika tano, — alisema yule mwanamke.

Nilivua aproni. Nikaitoa nyuma ya duka baiskeli ninayopelekea jibini kwa wateja. Honi aliinama akaanza kujaza upepo, akihesabu kila pampu kwa sauti. Soksi alikata uzi kwa meno, akanitilia mfukoni jozi mbili za soksi.

— Usiku ni baridi huko. Zake na zako.

— Kitambulisho unacho? — Forodha aliuliza. — Mpakani siku hizi hawasimamishi mtu. Lakini kichukue. Pengine watakuuliza unakwenda wapi.

— Na ninyi?

Honi alikuwa bado ameinamia gurudumu.

— Tangulia, Mengia. Sisi tunakuja nyuma.

Nilimwachia Soksi funguo za duka, nikakanyaga. Kilomita za kwanza nilishika breki kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Baada ya kijiji cha tatu njia iliingia msituni, na ilikuwa kweli, husikii kitu ila maji. Nikaachia breki.

Tumasch alikuwa ameketi kwenye mbao za daraja, miguu inaning'inia, anamenya yai la kuchemsha. Aliponiona hakusimama. Alisogea kidogo kunipa nafasi, akanipa nusu ya yai, kisha akatazama njia nyuma yangu kwa muda mrefu.

— Na wengine?

— Wanakuja, — nilimwambia.

Tukakaa tukitazama njia. Kengele ya saa sita ilipolia ng'ambo ya mto, alikunja karatasi aliyofungia chumvi ya yai, akaitia mfukoni, tukaondoka.