Begi la Kurushwa Mwambani

Benchi letu liko nje ya duka la nyavu hapa bandarini Bluff, mgongo ukutani, uso baharini, na asubuhi ile hakuna aliyetaka kuitazama bahari. Kesho yake alfajiri mashua ilikuwa itupeleke visiwani kwa msimu wa kukamata vifaranga wa ndege wa bahari, kama walivyokwenda bibi zetu na bibi zao. Mwaka jana hatukwenda. Mwaka juzi kaka yangu Rewi aliruka kutoka mashuani kwenda mwambani huku begi amelivaa, ukanda umemkatiza kifuani. Akateleza, begi likanywa maji, likamvuta chini, hakuibuka tena. Desturi kila mtu kwetu anaijua: wa kwanza huruka mikono mitupu, kisha mizigo hurushwa na yeye huidaka, ndipo wengine hufuata. Rewi aliivunja kwa sababu begi lilikuwa kuukuu, limeshonwashonwa kwa uzi wa nyavu, akaogopa likirushwa litapasuka. Ndiyo maana asubuhi ile tulikuwa na mabegi mawili mapya juu ya kreti, mwenye duka katuazima tuchague moja kabla hajafunga saa sita. Mimi wananiita Chupa, kwa kuwa chupa ya kahawa ni yangu. Na niseme ukweli mapema: nilikuwa naogopa mpaka meno yananiuma.

Walikuwepo Ndoo, binamu yangu, ambaye kwake dawa ya kila shida ni ndoo yenye kifuniko. Anti Nta, mdogo wa mama, anayepaka nta hata kamba za viatu. Na Mzee Barometa, ambaye goti lake hutabiri upepo.

NDOO: Hili jekundu, bwana. Gusa turubai hilo. Likigonga mwamba, mwamba ndio utaomba radhi.

ANTI NTA: Turubai sawa, mishono je? Ligeuze nione ndani. Maji hayapigi hodi mlangoni, mwanangu, yanapenya kwenye tundu la sindano. Haba na haba hujaza kibaba.

NDOO: Anti, hiyo ni ya kuweka akiba.

ANTI NTA: Na maji yanajiwekea akiba humo humo ndani! Unadhani Rewi alivutwa na nini?

Nikawamiminia kahawa, nyingine ikaenda kwenye begi la kijani. Hakuna aliyenicheka, na hilo likanitisha zaidi.

CHUPA: Hili la kijani lina mifuko mingi.

BAROMETA: Ya nini, unahamia huko? Kila mfuko una zipu, na kila zipu inakula chumvi. Wiki ya pili tu haifunguki, unapasua begi kwa kisu ukitafuta soksi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

NDOO: Mwana kaingiaje kwenye begi, mzee?

BAROMETA: Ndiyo nakwambia, zipu haifunguki, utajuaje kilichomo?

ANTI NTA: Basi jekundu.

BAROMETA: Jekundu siligusi. Bahari ina macho. Ikiona kitu chekundu inadhani ni kidonda, inakuja kukilamba.

ANTI NTA: Wee mzee, mashua ya kesho rangi gani?

BAROMETA: ...Nyekundu.

ANTI NTA: Haya! Umetuzika wote.

NDOO: Tulieni. Unajua begi linazama kwa nini? Kwa sababu ya nguo. Tunatia sweta moja na chupa tupu arobaini zenye vizibo. Likianguka linaelea, na wewe unalikumbatia.

ANTI NTA: Na baridi ya Mei utajifunika chupa?

NDOO: Afadhali baridi kuliko... Afadhali baridi.

BAROMETA: Mimi nina bora zaidi. Helikopta ichukue mabegi, iyashushe kisiwani. Sisi tubaki hapa. Mwisho wa msimu iyarudishe.

CHUPA: Na vifaranga atakamata nani?

BAROMETA: Si mnataka begi imara? Likamate lenyewe.

Tukacheka, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. Kilipoisha, nikasikia mawimbi yanavyopiga gati, nikakazana kuukagua ukanda ambao nilishaukagua mara tatu. Tangu saa mbili tulikuwa kwenye mabegi hayo. Nilikuwa nimeshaelewa tunachofanya: maadamu begi halijachaguliwa, hakuna safari. Kila walipokaribia kukubaliana, mimi ndiye niliyeleta dosari mpya.

CHUPA: Lakini vishikio vyenyewe vimeshonwa mstari mmoja tu.

— Miwili, tena na msalaba juu yake.

Alikuwa Ngahuia, mke wa Rewi. Kwao ni kaskazini, kisiwani hajawahi kukanyaga, na siku zote hizo hajawahi kukaa kwenye benchi letu. Mama ndiye aliyeamua aje nasi: kibanda chetu cha kisiwani kikikaa bila mtu wala moto msimu wa tatu, paa litaondoka na upepo.

ANTI NTA: Karibu, mwanangu. Chupa, mpe kikombe.

Hakukaa. Alilijaza jekundu mawe ya kutilia nanga yaliyokuwa mlangoni, akalifunga, akalinyanyua kwa mikono miwili na kulibwaga barabarani. Akalibwaga tena. Mara ya tatu alitoa sauti kama mtu anayejifungua. Kisha akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila mshono.

NGAHUIA: Hili.

Akaufungua ukanda wa begani, klipu mbili, akaniwekea mapajani.

NGAHUIA: Huo kaa nao, shem. Hakuna atakayelivaa.

ANTI NTA: Ndiyo hivyo. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

NDOO: Leo moja umeipatia, Anti.

Ngahuia akachukua kikombe, hakikuwa na kitu bado.

NGAHUIA: Mama kaniambia wa kwanza huruka mikono mitupu. Alikuwa Rewi.

BAROMETA: Ndiye. Na kabla yake baba yake.

NGAHUIA: Kesho ni nani?

Barometa akaanza kulisugua goti. Ndoo akainama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa. Anti Nta alinitazama, akageuka upesi, maana ananipenda. Kwetu kuruka hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na Rewi alikuwa na mdogo mmoja tu. Ukanda ulikuwa mzito mapajani mwangu.

Niliinua chupa nimjazie kikombe. Nikainamisha, nikainamisha zaidi, na halikutoka hata tone. Yeye bado alikuwa amekinyoosha, ananitazama mimi.