Maneno ya Mshona Jezi Siku ya Mechi ya Mwisho

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Mwenyekiti, toka hapo dirishani. Najua mechi imeanza, nimesikia watu wakizipokea timu, na najua umekosa nafasi yako jukwaani kwa sababu yangu. Lakini mama yako anakufa mara moja tu, na timu yako imekuwa ikifa msimu mzima. Zima hiyo simu. Tutajua matokeo bila simu. Nimeishi mtaa mmoja na uwanja tangu nilipoolewa na baba yenu, na siku ambazo sikuweza kwenda nilikuwa nashona huku nasikiliza. Goli letu huja kama mvua kubwa juu ya bati, kwa pamoja. Goli la wageni huja na kelele ndogo za kona moja, halafu kimya. Basi kaeni, masikio yangu bado yapo.

Fundi Rangi, wewe kaa upande huu, na usimpe kaka yako mgongo. Mmeingia kwa mlango mmoja bila kusalimiana, mkadhani sioni. Na wewe mdogo wao, mwanangu wa mwisho, usililie mkono wangu, unanilowesha. Najua mumeo yuko golini sasa hivi, na najua moyo wako uko wapi. Nitafika huko, ndiyo maana nimewaita leo na si kesho.

Kwanza nyumba. Nyumba hii ni yenu watatu, na isiuzwe mpaka wote watatu mkae meza moja na kukubaliana kwa mdomo, siyo kwa kutumiana watu. Chumba cha mbele, pale penye meza ya kukatia na cherehani, ni cha mdogo wenu, na cherehani ni yake. Asije mtu akasema mama alipendelea. Ninyi mlijifunza kazi nyingine, yeye ndiye aliyekaa chini ya meza yangu tangu utoto akiokota vipande vya nyuzi.

Na wewe, mwanangu, sikiliza kuhusu kazi hiyo. Klabu yetu haijawahi kuwa na uwezo wa kununua jezi mpya kila msimu. Mchezaji akiondoka, nafumua namba yake, naishona kwenye shati la anayekuja, nalitanua mabegani au nalipunguza, na Jumamosi anaingia nalo uwanjani kana kwamba lilikatwa kwa ajili yake. Leo jioni huenda tukawa timu ya daraja la chini. Watakaoleta mashati hapo mlangoni watakuwa wachache, na watakuja wameinamisha vichwa. Washonee vile vile ulivyowashonea wakiwa ligi kuu, mshono maradufu kwapani, maana jasho la huku chini nalo ni jasho.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa ninyi wawili. Baba yenu alipokufa, Fundi Rangi alikuja mazikoni amevaa jezi ya ile timu kubwa inayobeba kombe kila mwaka. Mimi niliumia, sitasema uongo. Baba yenu alikuwa anatoka kiwandani na grisi mikononi anakwenda moja kwa moja jukwaani, na mwanawe anakuja kumzika na rangi za watu wengine. Lakini yeye alikuwa ndani ya jeneza, hakuwa na habari na shati la mtu. Wewe Mwenyekiti ukamwambia ndugu yako mbele ya waombolezaji, "Nenda kazike huko kwenye timu yako." Naye akakujibu, "Huko kwetu hatuziki, tunabeba kombe." Watu walicheka pale pale kaburini. Jibu lilikuwa zuri, ila mmelilipia kwa miaka yote hii ya kupishana barabarani kama watu wasiofahamiana. Leo liishe. Siwaombi mkumbatiane, mtanitia aibu. Nataka tu mkitoka humu ndani mtoke pamoja.

Mmesikia? Hiyo ni yetu. Hiyo ni mvua juu ya bati. Haya, Mwenyekiti, tabasamu, hakuna anayekukataza. Tunaongoza, na leo hata sare inatutosha kubaki. Mungu awape miguu waishikilie.

Lakini nimeona mechi nyingi, mwanangu, kwa hiyo naendelea kusema.

Kuna mjomba wenu ambaye mdogo wenu hakuwahi kumwona. Alikuwa mdogo wangu wa kunifuata, kinyozi, na kila mtu alimwita Redio. Miaka ile mechi zote za mwisho zilichezwa kwa wakati mmoja, na klabu yetu ilikuwa na desturi yake. Redio alisimama ngazi ya juu kabisa na redio yake sikioni, na taulo jeupe la kinyozi begani. Akipata habari kwamba wapinzani wetu wamefungwa kule wanakocheza, anapeperusha taulo, na wachezaji wetu wakiliona wanajua wako salama, wanaanza kupigiana pasi za kulinda mpira. Timu nyingine zilikuwa na kocha. Sisi tulikuwa na kocha na taulo.

Siku ile tulikuwa sare, na tukibaki hivyo wapinzani lazima wafungwe. Mtangazaji akapaza sauti kwamba wamefungwa. Redio akapeperusha taulo. Jukwaa zima likaruka, wachezaji wetu wakaanza kupigiana pasi mbele ya goli letu wenyewe, huku wanacheka. Kumbe kule refa alilikataa lile goli. Redio aliposikia hivyo alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akatupa taulo, akashuka ngazi akiwakimbilia wachezaji, lakini watu walikuwa wanaimba na hakuna aliyemsikia. Filimbi ikalia tukiwa sare. Tukashuka daraja huku tunashangilia.

Mashabiki wetu wenyewe walimngoja nje ya geti. Mimi nilikuwa hapa nashona. Nilisikia kelele ambazo hazikuwa za mpira, nikatoka na sindano bado iko kwenye blauzi, na nilipofika walikuwa wameshamaliza. Walimkanyaga mkono wa kulia, ule wa kushikia wembe, mpaka vidole vikageukia upande mwingine. Mliyemnyoa ndevu mlimnyima mkono. Hapana, nimekosea, nataka kusema aliyewanyoa. Mnanielewa. Hakuwahi kunyoa mtu tena. Alihamia mji wa mbali, akafia huko kwenye chumba cha kupanga, na barua iliyoandikwa na jirani yake ndiyo iliyotuambia. Hata jirani hakujua alikuwa shabiki wa timu gani.

Na wewe, mwanangu mkubwa, ulirudi nyumbani jioni ile mkono wa jezi yako umechanika. Ulikuwa bado huna ndevu. Nikakuuliza, ukasema umeanguka. Nililikunja lile shati nikakurudishia vile vile bila kulishona, na ni shati pekee nililowahi kurudisha bila kushona maisha yangu yote. Hukuuliza kwa nini. Ukalichukua, ukatoka. Usiangalie sakafu, mimi niko huku juu.

Nimelala? Nani amefunga pazia? Lifungueni. Kipindi cha pili kimeanza zamani? Mbona kimya? Niambie, mwanangu. Wamesawazisha. Sawa. Bado sare inatosha.

Shemeji yenu. Msimu uliopita mlimwita Komeo. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulitunga wimbo, "Komeo limeshuka, nendeni nyumbani." Mwaka huu mnamwita Mlango Wazi. Mechi iliyopita mvua ilinyesha, mpira ukamteleza chini ya kifua, na tangu siku hiyo mtaa mzima unasema amenunuliwa. Mtu aliyenunuliwa haji kwa mama mkwe wake kuomba soksi zake zizibwe vidole. Nilipokuwa siwezi tena kusimama, ni nani aliyenibeba mpaka chooni akageuza uso ukutani na kunisubiri? Ninyi mlikuwa kwenye kikao cha tawi la mashabiki. Siwalaumu, kikao ni kikao. Ila mikono mnayosema imeuza mechi mimi nimebebwa nayo, nayo haikuniangusha.

Jana mlidhani nimelala. Vijana wa tawi walikuja barazani, wakauliza, "Mwenyekiti, tukishuka kesho, kipa anatokaje uwanjani?" Mmoja akacheka, akasema, "Tutamsindikiza." Na mwanangu mimi akawajibu, "Kesho niko kwa mama. Sitaona kitu." Mlango ulikuwa wazi na mimi macho nimefumba tu. Kumbe nimekuwa sababu yako ya kutoona. Mdogo wako alikuwa jikoni anachemsha maji yangu. Amesikia sasa hivi kwa mara ya kwanza, mwangalie uso wake.

Msinijibu. Sina pumzi ya kubishana.

Mnasema mnaipenda timu. Mimi naipenda pia, na sijaona faida yake hata ya kununulia uzi. Tuliposhuka mwaka ule wa Redio, jukwaa lilibaki na watu wa kuhesabu kwa vidole. Tulicheza kwenye viwanja ambavyo mpira ukitoka nje mnakwenda kuutafuta kwenye mahindi ya mtu. Baba yenu hakukosa. Mvua, jua, amelipwa, hajalipwa, anachana nywele anakwenda. Na wale waliomkanyaga ndugu yangu kwa sababu ya uchungu wa timu, nakwambia, hata mmoja sikumwona kule kwenye mahindi. Walikuwa nyumbani wanasubiri tupande. Ndipo nilipojua ule haukuwa uchungu wa timu. Mtu mwenye uchungu wa timu anakata tiketi ya mechi inayofuata, anakaa, anafungwa tena, anarudi nyumbani na njaa yake.

Ninyi kateni tiketi. Msipande ukuta, hata kama mlinzi wa geti ni rafiki yenu, timu ya chini inaishi kwa geti. Fundi Rangi, wewe endelea na kombe lako, sikuhamishi kwa nguvu, lakini siku moja moja kaa na kaka yako, mlipake rangi na lile geti la uwanja, limeota kutu mpaka linachana watu nguo. Mimi sivalishwi jezi kaburini. Nimezishona za kutosha. Nivalisheni gauni la kahawia.

Nyamazeni.

Kona ile ya wageni. Mmesikia? Ndogo, upande ule. Na wetu, kimya.

Imebaki muda gani? Usinidanganye. Basi tumeshuka, kama si sasa ni baada ya kupepesa macho mara kadhaa.

Maji hayashuki tena, acha. Niinue kichwa tu. Hivyo.

Sasa sikilizeni, hizo kelele zinazoanza si za mpira. Zinatokea getini, si jukwaani. Mimi nazijua. Mwenyekiti, simama. Simama, mwanangu, haya ndiyo niliyokuitia, mengine yote yalikuwa ya kunipa nguvu ya kufika hapa. Nenda ukamlete shemeji yako. Usiniambie hawatakusikiliza. Wanakusikiliza ukianzisha wimbo, wanakusikiliza ukichangisha nauli ya basi, na jana walikuja kukuomba ruhusa wewe, hawakumwomba refa. Ingia mpaka mlango wa chumba cha kuvalia. Mshike mkono wa kulia mwenyewe, mkono wa kulia, umenielewa, na asiuguse mtu.

Fundi Rangi, nenda naye, mshike upande wa pili. Fungua hilo koti nikuone. Nilijua. Vua jezi ya wenye kombe, leo wakikuona nayo watawazika wote. Chukua shati lako la kazi lile lenye rangi, pale nyuma ya mlango. Mpite barabara kubwa, katikati, taratibu. Msipite uchochoroni, msikimbie. Wakitukana, waacheni watukane. Wakirusha mawe, Mwenyekiti, wewe ndiye wa mbele. Haki yako ya kukaa mbele umeidai miaka mingi.

Mbona bado umesimama? Unaogopa. Vizuri. Redio naye aliogopa, na hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Lete kichwa chako hapa, na wewe mwenzake, inameni, sifiki. Mungu awatangulie na awafuate nyuma. Awape watoto watakaowazika kwa amani. Niliyokuwa nayo moyoni juu yako, mwanangu mkubwa, ninayo bado. Ukirudi naye nitakuwa sina. Nendeni.

Wameondoka? Wametoka pamoja? Nasikia viatu, lakini sisikii ni vya wangapi. Wawili. Sawa.

Mwanangu, kaa. Usiende mlangoni, ukienda mlangoni nitabaki peke yangu na hizo kelele. Shika hapa. Mungu akupe... nimesahau nilichotaka kukuombea. Mkono wako ni wa moto. Mungu akupe nyumba yenye mume ndani yake.

Wameelekea upande gani, kushoto? Kushoto ndiko uwanjani. Umeona kweli, au unanifurahisha?

Zinapanda. Zinapungua. Sijui. Masikio nayo...

Sikiliza, hili la mwisho. Nikinyamaza kabla hawajarudi, usiwaite majirani. Usinifunge mdomo, usinifunike uso. Niache hivi hivi, nimeelekea mlangoni. Mpaka waingie watatu. Wakiingia wawili...

Watatu, mwanangu. Subiri watatu.