Yuditha Ndosi na Mashine Iliyoitwa kwa Jina la Kaka Yake

Anayewasomea ni Fredy, kaka wa marehemu. Familia imemchagua kwa sababu sauti yake inasikika mbali. Sauti hiyohiyo, jamani, ndiyo iliyoharibu mambo.

Yuditha Elisaria Ndosi alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Machame, mtoto wa pili wa marehemu mzee Elisaria na mama Magdalena, akabatizwa Pasaka ya mwaka uleule. Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, akiwa wa kwanza kwa hesabu. Nafasi ya kwenda chuo cha ufundi ilikuwa moja tu nyumbani, akapewa Fredy. Yuditha akafundishwa cherehani, wala hakununa.

Alishona nguo huko Pasua, Moshi, kuanzia mwaka 1987. Mwaka 1994 alifunga ndoa na Jacob Swai, wakajaliwa Kindness na Calvin, pamoja na ng'ombe wa maziwa ambao, kwa maneno yake, walidai chakula kuliko watoto. Kila jioni alikatakata migomba kwa panga mpaka viganja vikaota sugu.

Mwaka 2003 alimwita Fredy, ambaye ni fundi wa kuchomelea, akamchorea sakafuni kwa chaki ya kushonea: pedali ya cherehani, mkanda, gurudumu, visu viwili.

"Kaka, nichomelee hivi."

Fredy alicheka mpaka akakaa chini. "Unataka kumshonea ng'ombe gauni?"

"Wewe choma. Utacheka ukimaliza."

Alichoma. Mgomba mzima ukakatika kabla chai haijapoa. Fredy hakucheka tena, alianza kutengeneza za kuuza.

Wenye ng'ombe mnajua kilichofuata. Kina mama walipumzisha mabega, watoto wakaenda shule bila madoa ya utomvu kwenye sare. Kutoka hapa mpaka Tarakea watu wakaiita "fredy". Niazime fredy yako. Fredy yangu imekatika kisu. Mwaka 2012 mtangazaji wa redio alimuuliza Fredy wazo alilipata wapi, naye akajibu bila haya, "Lilinijia tu usingizini." Yuditha alikuwa palepale akimimina chai. Aliweka chupa mezani, akatoka nje.

Krismasi ile, ukoo mzima ukiwa nyumbani, alisema kwa upole, "Ile mashine niliibuni mimi." Loo! Fredy alifoka, akasusa chakula, akadai mdogo amemwaibisha mkubwa wake. Wazee wakamwambia Yuditha akachume isale. Kwa wageni wetu: jani hilo humpelekea mtu uliyemkosea, naye hawezi kukunyima msamaha. Yuditha, aliyekosewa yeye, alilileta kwa mikono miwili. Fredy akalipokea. Akathubutu kusema, "Nimekusamehe." Mbele ya mama yao mzazi! Tangu siku hiyo hajawahi kula Krismasi kwa raha, na hakustahili.

Yuditha alianza kuugua saratani ya tumbo mwezi Agosti 2023, akatibiwa Moshi mjini. Fredy alikwenda kumwona kila Jumapili. Kila Jumapili alijiambia leo nasema, kisha akaongelea mvua. Tarehe 1 Juni 2025 alikuwa ameshafungua kinywa, dada yake akamwahi: "Kaka, mkanda wa mashine yangu umelegea. Kaukaze kabla Jacob hajajikata." Fredy alishukuru kupata sababu ya kuondoka. Mkanda aliukaza vizuri sana. Alfajiri ya tarehe 2 Jacob akapiga simu.

Yuditha ameishi miaka hamsini na saba. Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, wajukuu watatu na kaka mmoja.

Mashine ilibuniwa na Yuditha. Fredy alichomelea tu. Maneno haya ni mafupi, yangetosha kusemwa pale kitandani akiwa anasikia.

Tukimaliza kuzika mtapita kutoa pole. Wapeni mama, Jacob na watoto. Huyu anayesoma mrukeni.

Apumzike Yuditha kwa amani.