Kofia Mbili za Fundi

Kwenye treni ya asubuhi nilifumba macho nusu, maana anayedhaniwa kalala husikia mengi. Mbele yangu fundi wa kampuni ya umeme alikuwa akimwonyesha mama aliyeketi kando yake kofia mbili ngumu za kazini.

"Wiki ijayo naenda tawi letu jipya, nchi jirani. Kampuni ni nusu ya serikali yetu, nusu ya matajiri. Wakubwa wa kule wakija, tunavaa hii yenye bendera yetu, maana kazi tuliipata kwa urafiki wa serikali hizi mbili. Wananchi wakiandamana kwamba tumekuja kuwatawala, tunavaa hii ya kampuni, tuonekane wafanyabiashara tu."

"Kwani wameandamana?"

"Kidogo," alisema, akifuta kofia isiyo na vumbi.

"Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu."

"La, mama. Wenye kampuni wawili, kinga mara mbili." Maneno ya semina ya kazini hayo.

Mama akazitazama kofia zote mbili. "Na wakikugongea mlango bila kusema wao ni nani, utavaa ipi?"

Treni ikasimama, watu wakashuka. Fundi alibaki ameketi, kofia moja juu ya kila goti, kichwa wazi.