Kisigino cha Sosthenes

Basi letu lilipotoka Ipogolo, kwenye kiti cha mbele yangu walikaa mama mwenye beseni la miche ya nyanya na kijana aliyemwambia anaitwa Sosthenes, mkimbiaji aliyeumia kisigino.

“Bado kinauma?” mama aliuliza. “Hakiumi, mama. Ila mtaalamu wa mazoezi hospitalini kasema nitembee kwanza, halafu nikimbie kidogokidogo. Mwanzoni maumivu yalipoisha tu nilipanda mlima mbio, kikaumia upya.” “Sasa mguu usiouma unausubirisha nini? Utaota kutu huo!” Alisema kama vile amesomea miguu.

Kijana akalitazama beseni. “Mama, mbona miche umeifunika majani?” “Isiungue. Imetoka kitaluni leo, jua italizoea taratibu.” “Basi na mimi hivyohivyo.” Mama akaanza kuyapanga upya majani juu ya miche.

Gari liliposimama Ilula, Sosthenes aliinuka amshushie beseni. “Kaa chini! Na kisigino hicho?” mama alifoka, akalibeba mwenyewe. Alipofika chini akarudi dirishani. “Lakini mwanangu, hakuna anayefunika miche mpaka mavuno. Siku ikifika, funua majani ukimbie!”