Mama Kipara Anastaafu, Mashine ya Nyumbani Inamngoja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkerezaji wetu mkuu, fundi wa kuchonga vyuma vinavyozungushwa na mashine, anakabidhi mashine yake katika karakana hii ya pampu za maji. Wote tunamwita Mama Kipara, na wageni hudhani ni utani tu. Wiki yake ya kwanza hapa aliona mashine ikinyakua kitambaa cha kufutia mafuta kutoka mkononi mwa mwenzake na kukisokota kufumba na kufumbua. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa kinyozi, na hajafuga nywele tena.

Mama Kipara ni mwoga na wala hafichi. Huvua pete kabla hajafika mlangoni, hukunja mikono ya koti juu ya viwiko, hupima chuma, hukipima tena, huenda kunywa chai, kisha hurudi kukipima upya. Sisi wa stoo tumemcheka mpaka mbavu zikauma. Lakini shafti alizokereza yeye, zile fimbo za chuma zinazozungusha pampu, hazirudishwi, na wateja huulizia zamu yake kabla ya kuleta kazi.

Nyumbani ana mashine yake mwenyewe, aliyoinunua chuo kimoja kilipofunga karakana. Ni mbili kwa moja: chini zipo taya za kuzungusha chuma kinachokerezwa, juu kipo kisu cha kuchonga chuma kilichotulia. Mota ni moja, na mkono mdogo wa pembeni ndio unaochagua kipi kizunguke. Ameifunga kwenye zege katika chumba cha nyuma. Ukuta wa mbao nyembamba unamtenganisha na mumewe, fundi cherehani. Husema mashine ya namna hiyo ni nyepesi, ukiilazimisha inatetemeka na kazi inatoka na mawimbi, lakini ukiibembeleza kidogo kidogo inatoa kazi safi kama hii yetu kubwa.

Kisha ikaja ile Jumamosi ambayo mashine yetu kubwa ilikufa na mtaa mzima hauna maji. Mama Kipara aliibeba shafti ya pampu akaichonge kwake. Aliibana kwenye meza ya mashine chini ya kisu, akakagua kila kitu cha juu, akabonyeza kitufe macho yakiwa kwenye kisu. Kisu hakikusogea. Mkono wa pembeni ulikuwa bado upande wa kukereza, na kule chini taya zikaanza kuzunguka zikiwa na ufunguo wake wa kukazia. Alikuwa ameuacha humo kwa sababu siku hiyo taya hazikuwa na kazi. Ufunguo uliruka, ukatoboa ukuta, ukajikita kifuani mwa sanamu la kupimia magauni. Mumewe, ambaye punde tu alikuwa amesimama palepale, alikuwa ameinama kuokota kibobini cha uzi.

Mumewe alitokea mlangoni ameushika ufunguo kwa vidole viwili, akauliza, "Mama watoto, huu ni wako?" Mama Kipara alikaa sakafuni.

Kwa muda mrefu hakuigusa mashine ile, na hata hapa kazini alisita kabla ya kila kitufe. Tuliogopa tumempoteza. Aliporudi kwenye hali yake, alitengeneza tundu la kuwekea ufunguo lenye swichi ndani. Ufunguo usipolala humo, umeme hauendi kwenye mota. Alianza na ya kwake, kisha akazifungia mashine zetu zote, na tangu hapo hakuna aliyeumizwa na ufunguo.

Kwenye chai ya kumuaga tulimuuliza ataishije bila sisi, tukitarajia utani. Alisema wateja wameshaanza kupanga foleni, kisha akaongeza, "Ila siku hizi nabonyeza kitufe huku nawaza mboga. Zamani sikuwa hivyo." Hakuna aliyecheka. Hapa mtu akipiga ukelele watu wanakimbilia swichi. Kule atakuwa peke yake na mota, na cherehani ya mumewe, nyuma ya ukuta, ina kelele zake. Nakiri kwamba naogopa, na si mimi peke yangu.

Juzi mumewe alikuja karakana, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mama Kipara alimvua, akaikunja, akaitia mfukoni mwake mwenyewe. Mzee aliomba afundishwe kitu kimoja tu, jinsi ya kuizima mashine. Tuliiwasha ile kubwa. Alikipiga kitufe chekundu huku amefumba macho, jasho linamtiririka.

"Fumbua macho, baba watoto," alimwambia. "Rudia."

Akarudia mpaka akaizima macho yakiwa wazi. Amesema cherehani yake anaihamishia chumba cha nyuma, karibu na kitufe cha mashine ya mkewe.

Mama Kipara, asante kwa kazi, na asante kwa kutufundisha kuogopa. Tunakutakia uzee mrefu, maji yasikatike mtaani kwenu, na siku tutakapokutembelea utupokee kwa vidole vyote kumi.