Mzizi Usio Wake

Sikilizeni, wanangu, lakini kabla hamjakaa, mmoja wenu aende jikoni azime jiko. Nenda wewe, baba, maana ndiwe uliyeileta ile mizizi. Teremsha sufuria, usiimwage uani kuku wasije wakadonoa, ifunike uiache hapo hapo, na kikombe ulichomwandalia mkeo kioshe mara mbili. Amekunywa? Nijibu ukiniangalia. Hajanywa. Hata tone? Haya, alhamdulillahi, kazime, kisha urudi ukae kwenye hicho kiti cha mbao, kile kingine kinalia ukikikalia na sauti yangu leo haina ubavu wa kushindana na kiti.

Usinitolee macho. Sijachanganyikiwa. Daktari alisema mapafu yamejaa maji, kichwa hakukitaja. Asubuhi nilikusikia kupitia ukuta huu ukimbembeleza mkeo, maskini, maziwa yanasuasua na mtoto hanyamazi, ukamwambia tulia, dawa iko kwenye kitabu cha mitishamba alichokichora mama, halafu ukatoka na jembe. Nilitaka kukuita, sauti ikagoma. Nimelala hapa nikisikia unarudi, unaosha, unakatakata, unawasha jiko, na mimi nagonga kitanda kwa kijiko cha dawa mpaka dada yako akanisikia. Ulilipata ua la zambarau kule bondeni, ukachimba, ukakuta mizizi miwili imesokotana, mmoja mwembamba, mwingine mnene. Ukautupa mwembamba ukachukua mnene, kwa kuwa ndivyo mchoro wangu unavyoonyesha. Umefanya kama kitabu kinavyosema, mwanangu, nacho kitabu kinasema uongo, na uongo ule niliuchora mimi kwa mkono huu mnaouona unavyotetemeka.

Nileteeni mto mwingine mgongoni. Hapo hapo.

Mmelelewa na kazi yangu, mmekula juu ya meza iliyojaa rangi, lakini hamjawahi kuniuliza inafanywaje, nami sikuwahi kutaka mniulize. Ua la mmea wa maziwa, huo wa kuwaongezea wazazi maziwa, haliningoji. Ukilichuma, kabla hujanoa penseli limeshaanza kufifia. Basi unachora ua kwanza, siku hiyo hiyo, na sehemu ya chini ya karatasi unaiacha tupu, mpaka mzizi uletwe. Na ua lile nililiweza, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Wachoraji wengi hudhani yale mabawa mawili ya zambarau ndiyo petali, wakayachora hivyo, kumbe ni vijani vya kikombe cha ua vilivyojipamba rangi, na petali zenyewe zimejificha katikati, moja ina kishada cha nyuzi kama brashi ndogo. Nilizihesabu nyuzi zile kwa kioo cha kukuzia, moja moja. Mkubwa wangu wa kazi alilia alipouona mchoro. Mtu mzima, kipara, analia mbele ya ua.

Mzizi ulikuja baada ya wiki tatu, umefungwa kwenye gazeti bichi. Aliyeuchimba hakuwa mzembe, ila alichimba kama ulivyochimba wewe leo, akaleta yote miwili. Pembeni ya mmea wa maziwa hupenda kuota mwenzake mmoja ambaye majani yake hukauka mapema, akabaki mzizi tu chini, umenona, mweupe, umejikunja vizuri. Huo ndio sumu. Mzizi wa mmea wa maziwa wenyewe ni uzi tu, na ukiukwaruza kwa kucha unanuka kama dawa ya kuchua misuli. Nilikwaruza yote miwili. Nilijua, wanangu. Msije mkasema mama alikosea. Niliweka ule uzi chini ya ua langu nikaona karatasi imekufa, juu kumejaa, chini hakuna kitu. Nikaweka ule mnene, na ukurasa ukatulia. Nikajiambia watu wanatazama ua, nani anatazama mzizi. Nikauchora kwa siku mbili, na haki ya Mungu, sijawahi kuchora mzizi ukapendeza vile.

Sasa wewe, mama. Sogea huku, acha kuegemea mlango. Unajua tangu ungali mdogo kwamba aliyekuzaa ni mdogo wangu, na mimi ni mama yako mkubwa niliyekuchukua ukiwa na siku nne. Umeambiwa alikufa kwa homa ya uzazi. Niliyekuambia ni mimi, na ni mimi niliyewaambia wote.

Nilimpelekea nakala ya mchoro ule kabla kitabu hakijatoka, akautundika juu ya kitanda chake. Alikuwa akinitania, ananiita bingwa wa majani, lakini kila mgeni aliyeingia alionyeshwa, dada yangu huyu, dada yangu huyu. Ulipozaliwa maziwa yake yakachelewa. Siku ya pili akamtuma jirani bondeni. Nilifika jioni ya siku hiyo nikamkuta hana sauti, midomo imekufa ganzi, anakutazama wewe tu, na jikoni sufuria, ndani yake vipande vyeupe vinene. Nilivitambua kama ninavyoutambua mwandiko wangu. Unajua nilifanya nini? Nilimwaga. Nikaisugua ile sufuria kwa majivu mpaka ikang'aa, kisha nikarudi chumbani nikaung'oa mchoro ukutani nikaukunja nikautia kwenye mkoba. Mkunga alipouliza amekula nini, nikasema uji. Huenda palikuwa na la kufanya kama angejua. Huenda halikuwapo. Sikumpa nafasi ya kujua.

Usilie hivyo, utanimaliza kabla ya saa yangu. Au lia. Una haki.

Kitabu kilikuwa bado kwa wachapaji. Neno moja lingetosha. Lakini ningesimama mbele ya watu niseme nini, kwamba nimemuua mdogo wangu kwa sababu ukurasa ulikuwa na nafasi tupu? Nikanyamaza, kikachapwa, kikapendwa, kikachapwa tena. Na huyo mnayemwita Bwana Vibandiko, yule aliyekuwa akibandika majina kwenye jumba la mimea mikavu, niliyewafundisha mtu huyu ni adui yetu, mkimwona vukeni barabara, yeye alikuja ofisini kwangu na mizizi yote miwili kwenye kiganja. Akasema kwa adabu, dada, huu si wake. Hakupiga kelele, hakumwambia mtu. Alinipa nafasi. Nami kesho yake nikaenda kwa mkubwa wa kazi nikasema huyu bwana anavuruga vibandiko, pengine ni pombe. Hakuwahi kuonja pombe maisha yake. Akafukuzwa kazi, naye ana watoto watano. Yuko hai bado, anashona viatu karibu na stendi, na miaka yote hii amenyamaza, sijui kwa hofu au kwa kunidharau. Nendeni kwake mkamwombe radhi kwa jina langu. Msipige simu, nendeni kwa miguu yenu, wote wawili, mkae chini. Akiwatukana, pokeeni.

Maji kidogo. Yatosha.

Sikilizeni sasa, maana pumzi inapungua nami nasikia inavyokwenda. Jumatatu watakuja wale wa kitabu. Wanataka kukichapa upya, na mchoro ule waukuze, wautundike kwenye kliniki za wazazi, kila chumba, mbele ya kila mwanamke aliyejifungua. Mlifurahi mlipopata barua, mkaniletea kalamu nisaini, nikasema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Niliona vyumba vile vyote. Waliokwisha kufa kwa mkono wangu sijui ni wangapi. Nani ataandika kwenye cheti cha kifo jina la kitabu? Wataandika homa. Wataandika homa, kama nilivyosema mimi.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu. Nyumba ni yenu nyote, msiuze, na chumba hiki akae mwenye mtoto, kina jua la asubuhi. Meza na brashi apewe yeyote atakayezitumia, wewe baba usizichukue, hujawahi kuchora hata yai likaonekana yai. Michoro mingine yote gawaneni. Lakini mchoro wa mmea wa maziwa, karatasi ile yenyewe iliyo kabatini, na ruhusa yake, na neno la mwisho juu yake, ni wa binti huyu peke yake. Kaka yako asikushauri. Mtu asikushike mkono.

Usiuchome. Ukiuchoma umenificha, na vitabu vilivyotoka vitaendelea kuua. Wakija Jumatatu waambie yote niliyoyasema, na la sufuria, na la uji, kisha uandike magazetini kwa jina lako na jina langu na la mama yako, watu wachane ukurasa ule popote ulipo. Ningeandika mwenyewe. Nimeishika karatasi mara nyingi. Miaka thelathini na minne nimeishika, na huu mkono uliojua kuhesabu nyuzi za ua haukuweza kuandika mstari mmoja. Sasa hauwezi hata kushika kalamu. Najua ninakutwika nini. Nakuomba wewe niliyekunyima mama ndiwe unitangaze. Na kama utaona heri ninyamaziwe, kwa huruma, kwa kuwa nilikulea, kwa kuwa nilikusuka nywele na kukuuguza surua, basi nakukataza huruma hiyo. Usinihurumie, mama. Wanawake wale hawana habari.

Msinisifu kaburini. Atakayesimama kunisifu, mwambieni akae.

Baba, mkeo apewe supu na alale, maziwa yatakuja, mwili wake ni mzima. Mungu akupe subira na watoto wako wakuone mzee. Na wewe, mama... Mungu akupe mkono usiotetemeka. Akupe usingizi. Akulipe wewe kwa yale niliyo... akulipe.

Kumeingia kiza, au ni macho yangu. Mbona mlango umelia? Ametoka? Msimfuate. Mwacheni.

Nani huyu amenishika mkono? La, msiniambie. Bakini hivyo hivyo.